Jina Walilolizika Kwenye Majani Chai

Celina ni jirani yetu hapa Kibugu, na haya aliyasema mwenyewe mbele ya kanisa zima, kwa hiyo simsengenyi.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Celina alichuma majani chai hadi saa nne, akayapeleka kituoni yanakopimwa, akarudi kuinjika githeri ya mahindi na maharagwe. Mumewe, Ndambiri, alikuwa kazini Meru mjini na hangerudi hadi mwisho wa mwezi. Binti yao wa pili, Kaari, wa miaka minane, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe na kukohoa kile kikohozi chake cha baridi ya Julai.

"Mama, niletee hiyo sufuria," Celina alimwambia mtoto.

Msishangae. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya yake, yaani mamake mama, na jina hilo huja na heshima yake. Kaari mkubwa, aliyemzaa Celina, alifariki mwezi mmoja kabla ya huyu mdogo kuzaliwa. Basi Celina alimwita mtoto "mama", mtoto naye akamwita "Mami", na hakuna aliyechanganyikiwa.

Mchana huo walikuwa wanangoja wageni wa maombi. Celina alikuwa amefundisha shule ya Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka aliwaonya watoto kwamba si kila anayelitaja jina la Yesu ametumwa naye, na kwamba roho hujaribiwa kwanza ndipo ziaminiwe. Alilijua somo hilo hata usingizini. Halafu akaja Kailemia.

Nabii Kailemia alikodi chumba sokoni akaanzisha maombi ya nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza tu alimnyooshea Celina kidole mbele ya wanawake wote. "Huyu kanisa lake limemficha," akasema. "Huyu ni mama wa madhabahu." Kanisani kwao, miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kumwambia hata asante. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haikupita wiki mbili Celina alikuwa anakalia kiti kilicho kando ya nabii, na ule mtihani wa roho akawaachia watoto.

Wageni walifika saa nane, nabii na wanawake kumi na mmoja. Walipokuwa wakiomba, Kaari akakohoa. Kailemia akanyamaza, akamtazama.

"Amebeba jina la nani?"

"La mama yangu, Nabii."

"Mama yako alikuwa mchawi."

Alisema polepole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Celina alishtuka. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa Biblia iliyopasuka jalada. Alikuwa akichuma chai huku akiomba, kila kichaka na ombi lake, watu wakimcheka kwa kuchelewa kituoni. Celina aliyajua yote hayo.

"Sidhani, Nabii..."

"Mama wa madhabahu hadhani?"

Wanawake wote walikuwa wanamwangalia. Aliona kile kiti kikimponyoka.

"Alikuwa," akasema.

"Watu hawakusikia."

"Mama yangu alikuwa mchawi."

Kaari aliinua uso akamtazama. Mpaka leo Celina akifika hapo hujifunika uso kwa leso.

Wakatoka hadi shambani. Nabii aliliandika jina kwenye karatasi, akachimba chini ya kichaka kimoja katikati ya shamba, akalizika. Akaamuru lisitajwe tena katika boma hilo. Tangu leo mtoto ataitwa Blessing. Wanawake wakapiga vigelegele.

Jioni mtoto akauliza, "Mami, sasa mimi si mama yako tena?"

"Wewe ni Blessing."

"Blessing ni nani?"

Celina alimwambia anywe chai akalale.

Kesho yake kikohozi kilikuwa kimekwisha kabisa. Celina alimshukuru Mungu kwa sauti, majirani wasikie. Lakini mtoto alikuwa amepoa. Ukimwita Blessing hageuki. Ukimgusa bega anakutazama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Celina alijiambia ni uzito wa kuzoea jina jipya.

Jumanne alikuwa anachuma peke yake aliposikia kikohozi. Kile kile, kikavu, cha mafungu mawili mawili. Kilitoka kwenye vichaka vya katikati. Akaita kwa hasira, "Toka huko, utalowa!" Kikanyamaza. Ndipo akakumbuka kwamba ilikuwa saa tano asubuhi, na mtoto alikuwa shuleni.

Alimpigia Kailemia. "Hiyo ni roho inaaga," nabii akamjibu. "Usiijali." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haraka.

Alhamisi ukungu ulishuka mapema kutoka msituni. Saa kumi watoto wa jirani walipita wakitoka shule. Kaari hakuwa nao. Walisema ameingia kwenye majani chai, kuna mtu alikuwa anamwita.

Celina alivaa viatu vya gambuti akakimbia.

"Blessing!"

Akapita safu ya kwanza ya vichaka.

"Blessing! Blessing wee!"

Ukungu ulikuwa mzito, mkono wake mwenyewe alikuwa anauona kwa shida. Akatembea. Akaita. Akaanguka, akainuka. Jina lile lilimtoka mdomoni likafa hapo hapo. Mwishowe woga wa mama ukaushinda woga wa nabii.

"Kaari!"

"Mami!" Sauti ilitoka kushoto.

"Mami!" Sauti ilitoka kulia.

Alisimama. Ilikuwa sauti moja. Ya mtoto wake. Mara mbili.

"Kaari, uko wapi?"

"Niko hapa," kushoto.

"Niko hapa," kulia.

Kumbe somo lile ambalo alilifundisha miaka yote, leo analifanyia mtihani yeye, na hakuwa na kitabu mkononi. Akauliza kwa kunong'ona, "Wewe ni nani kwangu?"

Sauti ya kulia ilijibu upesi, tamu kama uji wa asubuhi. "Mimi ni Blessing wako. Wewe ni mama mzuri, Mami. Hukufanya kosa lolote. Njoo unichukue."

Ya kushoto ilikawia. Halafu ikalia.

"Sijui. Mama yako ulimwita mchawi."

Celina alitaka kwenda kulia. Aliwaambia watu hivyo kanisani, bila kuficha. Mwili wake wote ulitaka kwenda kulia, na mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Lakini alikumbuka ni nani mwingine aliyemsifu hivyo, na sifa zile zilimfikisha wapi. Akageukia sauti iliyomtia aibu. Aliparamia vichaka hadi mikono ikachubuka, akamkuta binti yake amechutama, amelowa, sare ya shule imejaa tope.

"Mama," akamwambia, "nisamehe. Mama, nisamehe."

Mtoto alimkumbatia shingoni, akakohoa. Hakuna wimbo uliowahi kumfurahisha Celina kama kikohozi kile. Nyuma yao, ndani ya ukungu, kitu kiliendelea kuita kwa upole, "Mami mzuri. Mami mzuri." Hakikuwafuata.

Jumapili alisimama mbele ya watu akasema yote. Wale wanawake kumi na mmoja waliangalia sakafu. Kailemia alikuwa ameshahama, chumba chake amekifagia, hakuacha hata kijiti cha kiberiti. Pasta Murungi aliliombea jina la marehemu kwa heshima, kisha akasema jambo ambalo wengi wetu hatujalisahau. "Jina la mcha Mungu mlilitoa nje likiwa tupu. Mimi sijui ni nini kimeliokota."

Ndambiri aliporudi alikwenda kufukua ile karatasi. Hakuikuta. Pale ilipozikwa, vichaka vilikuwa vimejikunja kuzunguka nafasi ndogo, ya kumtosha mtoto wa miaka minane kukaa. Majani yalikuwa yamelala chini, bado yana vuguvugu. Upande mmoja palikuwa na tundu kati ya matawi. Ukichungulia hapo unauona mlango wa jikoni kwa Celina.

Aliving'oa vichaka vyote hapo, akachoma mizizi.

Juma lililopita, kama alivyonieleza mwenyewe, Celina alikuwa anaosha vyombo jua likiwa bado juu. Kaari alikuwa mezani nyuma yake, mdomo umejaa ugali. Machozi yalimjia bila sababu, kama yanavyomjia siku hizi akimkumbuka mama yake. Ndipo sauti ya Kaari ikasema, nje ya dirisha, karibu sana:

"Usilie, Mami. Hukufanya kosa lolote."

Alijua ni nini. Alijua inapaswa kukemewa mara moja, kwa jina lipi na kwa maneno gani. Angeweza kuwafundisha watoto wa miaka mitano.

Lakini alifunga bomba kwanza, ili maji yasipige kelele, akasikiliza.