Karo Niliyoikuta Kwenye Fomu ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Migori, mama wa wawili. Nauza mitumba hapa Kendu Bay nilikoolewa. Wasomaji wenzangu, wivu nilizaliwa nao, sitawadanganya!

Mume wangu Ochieng' ni mpakiaji katika kampuni moja ya samaki huko Homa Bay. Yeye aliishia darasa la nane, mimi nikamaliza kidato cha nne. Kwa hivyo kila Juni mimi ndiye humjazia ritani ya ushuru, ile taarifa ya mapato ya mwaka, kwa simu, na kila Juni lazima nimtanie kwamba bila mimi angefungwa. Alikuwa akicheka tu... au nilidhani anacheka.

Mwaka jana nikaifungua fomu aliyopewa na mwajiri. Chini ya mshahara kulikuwa na marupurupu yanayotozwa ushuru: karo ya shule, imelipwa na kampuni.

Karo ya nani? Wetu wako shule ya msingi ya serikali, na viatu vya kitinda mimba vimetoboka! Nikamkumbuka Atieno wa Macalder, yule anayechekecha dhahabu, mpenzi wake wa kabla yangu. Na zile Jumamosi alizodai ana ovataimu kazini je? Moyo ukaniwaka... Nikamwona kabisa huyo mtoto wao, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa.

Sikumuuliza. Ningeuliza nini na ushahidi ninao mkononi? Asubuhi nikafunga kibanda, nikaenda hadi kazini kwake, nikapayuka mbele ya wapakiaji wote kwamba huyo mtoto wa nje atajwe jina.

Karani alijaribu kunivuta kando, nikakataa katakata. Basi akafungua faili, akanisomea risiti: masomo ya watu wazima, kila Jumamosi, kidato cha pili. Mwanafunzi ni Ochieng'.

Wenzake waliangua kicheko. Yeye akaweka kreti chini, akaniita binti wa kwetu kwa Kijaluo, polepole, "Nyar Migori, nilitaka siku moja nijaze hiyo fomu mwenyewe."

Hakurudi darasani tena. Nimelia, nimeomba msamaha, hata mchungaji amemsihi... wapi! Jumamosi sasa anashinda nyumbani. Si ndivyo nilivyotaka?

Juni hii alimlipa mama mmoja wa saiba, kule wanakokodisha kompyuta, amjazie. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Ochieng' aliponiona akasogeza kiti, mgongo wake ukaziba skrini.

Dada zangu, ukikuta usichokielewa kwenye karatasi za mumeo, muulize yeye kwanza, tena ndani ya nyumba. Mimi siku hizi namwonea wivu yule mama wa saiba... Yeye anajua kilichoandikwa humo.