Maji Yaliyosifiwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanabibi alichukua ndoo yake na kata ya kifuu, akajitanda leso, akaenda kuteka maji kwa Bi Khamisa. Nyumba ya Bi Khamisa ilikuwa ya pili kutoka kwao, hapo Mambrui, na kisima kilikuwa uani. Mume wa Bi Khamisa ndiye aliyekichimba. Alipofariki, Bi Khamisa aliuacha wazi mlango wa uani ili jirani yeyote aingie ateke bila kulipa chochote. Kisima kikawa sadaka ya marehemu.

Maji ya Mambrui hayafanani. Kuna visima vya chumvi ambavyo maji yake ni ya kufulia tu, na kuna vichache vyenye maji ya kunywa, navyo hubadilika kila mvua inyeshapo. Kwa hiyo watoto waliokwenda kuteka walikuwa na desturi yao. Aliyetangulia alimwonjesha aliyefuata kata moja, na aliyeonja alitoa neno lake: matamu, yameingia chumvi, au yamechafuka. Neno hilo lilichukuliwa kutoka mlango hadi mlango. Mama wa nyumba ya mwisho, ambaye hakukiona kisima siku hiyo, alijua kama atateleka chai au atangoja.

Aliyelingoja neno hilo kuliko wote alikuwa Bi Khamisa mwenyewe. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, akaona mwanga tu na vivuli, na kwa uzee pua na ulimi wake havikusikia tena harufu wala ladha. Kila asubuhi aliketi mkekani karibu na kisima, amempakata mjukuu wake, Abdulghani, aliyekuwa ameanza kutembea juzijuzi. Mama yake Abdulghani alifanya kazi Malindi na kumwachia bibi yake mtoto.

"Maji vipi leo, wanangu?" Bi Khamisa aliuliza.

"Matamu, Nyanya!"

"Alhamdulillahi. Mungu amrehemu aliyeyachimba."

Baada ya dua hiyo, nani angethubutu kusema vingine? Kuyatia maji dosari mbele ya Bi Khamisa kulikuwa kama kuitemea mate sadaka ya maiti.

Sauti iliyosikika kwanza siku zote ilikuwa ya Shekha, rafiki yake Mwanabibi. Shekha alikuwa na ulimi wa asali. Alizisifu nywele za wenzake, insha zao, hata mahamri ya nyumba za watu ambayo hakuyala. Wenzake nao walimsifu. Mwanabibi alipenda kukaa naye dawati moja kwa sababu siku nzima alijisikia mzuri.

Harusi, msichana mwingine aliyeteka nao hapo, alikuwa kinyume chake. Watu wao walitoka visiwa vya kaskazini, na kwake hapakuwa na kitu kizuri Mambrui. Kisima cha msikitini kilinuka. Maji ya mfereji yalinuka. Hata maziwa ya Nyayo waliyogawiwa shuleni, ambayo watoto wengine waliyanyonya hadi pakiti ikalia, yeye aliyasukuma kando akikunja pua.

"Huyu akiingia peponi atauliza mbona kuna joto," Shekha alisema, na watoto wote wakacheka.

Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu. Njia za mtaani zikawa vijito, na nyuma ya ukuta wa Bi Khamisa, katika kiwanja cha jirani, choo cha shimo kikabomoka ubavu mmoja. Watu waliona ukuta wa makuti umelala, wakasema mvua ikipungua watautengeneza. Hakuna aliyefikiria ni kitu gani kilichokuwa kikitiririka chini ya ardhi.

Asubuhi moja Harusi aliinua kata, akaonja, akatema.

"Yananuka."

"Pua yako ndiyo inayonuka," Shekha alimjibu. "Matamu, Nyanya!" Alisema hivyo na ndoo yake bado imo kisimani.

Zamu ya Mwanabibi ilifika. Aliivuta kamba, akaitua ndoo, akainama. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba, kama mafuta yaliyomwagika. Aliposogeza uso, harufu ilimpanda puani, harufu ya majani yaliyooza na kitu kingine asichotaka kukitaja. Akamtazama Shekha. Shekha akainua mabega.

"Ni mvua tu," alimnong'oneza. "Usimvunje moyo Nyanya."

Bi Khamisa aligeuza uso upande wao. "Mwanabibi, mwanangu, nawe waonaje?"

Mwanabibi alichota kata moja. Aliyatazama yale macho meupe yaliyomngoja, akaona haya. Neno "yananuka" lilikuwa la Harusi, na Harusi alikuwa akichekwa.

"Matamu, Nyanya," alisema.

"Basi nipe kidogo. Huyu tangu alfajiri analilia maji."

Mwanabibi alimkabidhi kata. Bi Khamisa akaipapasa mpaka ukingoni, akaipeleka kinywani mwa Abdulghani. Mtoto aliishika kwa mikono yake miwili, akanywa hadi maji yakamtiririka kidevuni.

Nyumbani, mamake alimuuliza kama kawaida. "Wasemaje kisimani leo?"

"Wamesema matamu, Mama."

Mamake, katikati ya moshi wa jikoni, akayamimina maji mtungini. Seif, nduguye Mwanabibi, alikuwa na miaka mitatu na alipenda kujichotea mwenyewe.

Siku ya pili yake Seif alianza kutapika. Kufikia adhuhuri alikuwa akihara maji matupu, meupeupe, na sauti yake imekauka kama ya mzee. Mamake alimfunga kwa leso, jirani mwenye gari la kuchukulia nazi akawachukua, na Mwanabibi akaenda nao ili ashike mfuko wa nguo. Njia nzima ya kwenda Malindi Seif hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Mwanabibi zaidi, kwa maana Seif alikuwa mtoto wa kulia.

Hospitalini walipokewa na muuguzi aliyeitwa Sista Waruguru, mwanamke mrefu wa kutoka bara, asiyependa maneno mengi. Alifinya ngozi ya tumbo la Seif, na ngozi ikabaki imesimama. Akamtundikia mtoto chupa ya maji ya mshipa, kisha akamgeukia mama.

"Mnakunywa maji gani huko kwenu?"

"Ya kisima cha Bi Khamisa, sista. Lakini kile ni kisima kizuri. Mtaa mzima unakisifu."

"Wanaosifu wameyaangalia?"

Mama akamtazama Mwanabibi. Mwanabibi aliukazia macho mkono wa Seif uliofungwa bendeji. Akisema, Bi Khamisa ataaibika mbele ya watu wote, na marehemu pia. Akinyamaza, kesho asubuhi ndoo zitashuka kisimani kama kawaida.

"Msichana," Sista Waruguru alisema, "mimi si mgeni wa kukaribishwa. Sifa hazinisaidii. Nataka mtu aliyeyaona hayo maji."

"Mimi niliyaona," Mwanabibi alisema. "Yalikuwa na utando. Yalinuka. Harusi alisema hivyo, tukamcheka."

"Kwa nini hamkumsikiza?"

"Kwa sababu kwake kila kitu kinanuka."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema matamu."

Mamake alijifunika uso kwa upindo wa buibui. Sista Waruguru hakumkemea. Alivuta pumzi ndefu, kisha akauliza polepole, "Nyumbani kwa huyo mama mwenye kisima, kuna mtoto mdogo?"

"Yupo. Abdulghani."

Sista alitoka chumbani kwa haraka. Muda si mrefu Bwana Afya, mkaguzi wa maji na vyoo, alikuja na gari lake, akamtaka Mwanabibi aende naye ili amwonyeshe nyumba. Mama akabaki na Seif.

Waliingia Mambrui wakati wa alasiri. Gari lilipokata kona ya kwao, Mwanabibi aliona viatu vingi vimevuliwa mlangoni kwa Bi Khamisa, na wanaume wamesimama nje bila kuzungumza. Halafu akasikia sauti za wanawake ndani. Bwana Afya alizima gari. Alikaa kidogo, mikono yake juu ya usukani.

"Tumechelewa," alisema.

Abdulghani alikuwa amefariki mchana ule, muda mfupi baada ya wao kuondoka.

Bwana Afya alifanya kazi yake kwa upole, bila kuinua sauti kwenye nyumba yenye msiba. Alizunguka nyuma ya ukuta, akaliona shimo la choo lililobomoka, akapima kwa macho umbali wa kutoka hapo hadi kisimani, akatikisa kichwa. Kisima kikafunikwa kwa mbao. Kila nyumba ikaambiwa imwage maji iliyokuwa nayo, ioshe mitungi, na ichemshe maji yoyote itakayokunywa. Watu wengine wawili wa mtaa ule waliokuwa wameanza kuhara walipelekwa Malindi jioni hiyo hiyo, nao wakapona.

Seif naye alipona. Lakini alirudi nyumbani amekonda, miguu kama vijiti, na kwa muda mrefu alikataa kuushika mtungi.

Matanga yalipomalizika, Bi Khamisa aliwaita wale wasichana watatu. Walimkuta ameketi pale pale mkekani, karibu na mbao zilizofunika kisima. Mapajani mwake hapakuwa na kitu, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Ketini." Akangoja wakaketi. "Sikuwaita kuwagombeza. Mtoto ni wa Mungu, na amemchukua. Lakini kuna jambo lazima niwaambie, kwa kuwa mtaishi na watu miaka mingi."

Harusi alianza kulia. "Mimi nilisema, Nyanya. Wallahi nilisema yananuka."

"Ulisema, mwanangu, nami nilikusikia. Ila hata wakati wa kiangazi, maji yakiwa safi, ulisema yananuka. Ya msikitini ulisema yananuka. Siku uliposema kweli, sikuwa na njia ya kuitofautisha siku ile na siku nyingine. Ungenipa neno jema pale palipostahili neno jema, hili lako baya ningelishika."

Akamgeukia Shekha, akifuata mlio wa pumzi zake. "Shekha, wewe una moyo mwema. Lakini sauti yako hunifikia kabla sijasikia ndoo ikitua. Unasifu kitu ambacho hujakionja. Sifa kama hiyo haina uzito hata kidogo, na mtu asiyeona huuweka mguu wake juu yake akidhani ni ngazi."

Shekha aliinamisha kichwa mpaka magotini.

"Na wewe, Mwanabibi." Bi Khamisa aliugeuza uso upande wake. "Wewe nilikuwa nikikungoja. Wengine wakipiga kelele, mimi nilingoja sauti yako, kwa sababu wewe huvuta kamba, hutua ndoo, hunyamaza kidogo, ndipo husema. Nilijua huyo anatazama. Siku ile pia ulitazama."

"Nilitazama, Nyanya," Mwanabibi alisema huku machozi yakimdondoka. "Niliona. Nilikuonea haya."

"Najua. Mlinistahi. Lakini mimi sikuomba staha, niliomba macho. Nilikuwa nimewakopa macho yenu." Akapangusa uso kwa leso. "Anayetoa neno juu ya kitu watakachotumia wengine, kwanza akitazame mwenyewe, siku hiyo hiyo. Aseme alichokiona, kizuri na kibaya. Asichokijua aseme sijui. Nanyi mkitaka kumwamini mtu, msiangalie kama anapendeza au anaudhi. Angalieni kama alikiona kitu, na kama jana na juzi maneno yake yalikuwa kweli. Huyo mshikeni, hata akiwa peke yake."

Ng'ambo ya ukuta walisikika mafundi wakifukia lile shimo. Choo kipya kilikuwa kimechimbwa mbali, mwisho wa kiwanja, kama Bwana Afya alivyoagiza.

Kisima kilikombwa maji yote, tope likatolewa, dawa ikatiwa, kisha kikaachwa kipumue. Mvua zilipokwisha, Bwana Afya alirudi, akachukua maji kwenye chupa kwenda kuyapima, na baadaye akaleta ruhusa kwamba watu wateke, ila ya kunywa waendelee kuchemsha.

Asubuhi hiyo uani mlijaa watu, lakini hapakuwa na vicheko. Bi Khamisa aliketi mkekani. Mwanabibi, Shekha na Harusi walisimama na ndoo zao.

"Maji vipi, wanangu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Shekha alifungua kinywa, akakifunga. "Bado sijayaonja, Nyanya," alisema.

Mwanabibi aliivuta kamba. Ndoo ikatua. Akainama, akatazama, akanusa, akachota kwa kata, akaonja, kisha akampa Harusi. Harusi alionja polepole. Watu wote walimtazama.

"Hayanuki," Harusi alisema. "Kuna dawa kidogo tu. Ni mazuri."

"Mwanabibi?"

Mbele yake palikuwa na watu wazima wa mtaa mzima, na lile neno la zamani lilikuwa rahisi mno kulitamka.

"Ni safi, Nyanya, naona hadi mwamba wa chini. Dawa inasikika, kama alivyosema Harusi. Lakini si matamu sana. Yana chumvi kidogo."

Watu waliguna. Bi Khamisa aliinua uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, midomo yake ilikaribia kutabasamu.

"Chumvi kidogo," alirudia. "Marehemu mume wangu mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo. Tangu afe sijamsikia mtu mwingine akiniambia."

Akanyoosha mkono, akaomba kata.