Waya wa Chumba cha Usaili

— Umeshafika kazini?

— Nimefika. Korido nimemaliza kudeki, sasa naingia chumba cha usaili.

— Niombee basi, Mpole.

— Nimekuombea miaka mitatu, Fundi. Leo nimeongezea tu.

Akacheka kwenye simu, kicheko chepesi cha mtu aliyelala vizuri. Mimi ambaye sikuwa nasailiwa ndiye niliyeamka na kichwa kizito.

— Huogopi?

— Niogope nini? Kazi yenyewe naifanya tayari. Wanatafuta wa kumpa kiti tu.

Ofisi nzima tulimwita Fundi. Shirikisho letu linasimamia michezo ya nchi nzima, na hakuna mchezaji anayeingia uwanjani bila kadi, na hakuna kadi inayotoka bila kompyuta zetu. Zikigoma, Fundi anaitwa. Zikipona, Fundi anarudi nyumbani. Miaka mitatu alikuwa kibarua, anawashwa na kuzimwa kama feni. Sasa nafasi ilikuwa imetangazwa rasmi: afisa wa msaada wa kompyuta, mwenye mkataba na meza yake.

Na mimi nilikuwa nimefungwa kwenye tangazo hilohilo.

— Nikipata barua ya ajira — alisema kama alivyosema kila mara — Jumamosi hiyohiyo baba mkubwa anakuja kwenu kuniombea mke.

— Mama ameacha kuuliza Jumamosi ipi.

— Safari hii ya kweli. Subiri tu.

Kusubiri nakujua. Kama kungekuwa na kadi ya kusubiri, mimi ningepewa ya dhahabu.

Nikakata simu, nikaingiza ndoo. Mezani palikuwa na kompyuta moja na printa pembeni yake. Nilipoinama kudeki chini ya meza nikaona waya wa mtandao umelegea kwenye soketi ya ukutani. Ulionekana umeingia, lakini macho yangu yamezoea. Nikausukuma kwa kidole gumba mpaka ukalia tak.

Hilo nilifundishwa na Fundi. Mwaka nilioanza kazi nilikuwa nikipitisha dekio kwa nguvu, nyaya zinachomoka, watu wanapiga kelele. Akanifuata mpaka stoo. "Dada," akasema, "kila ukideki unang'oa timu nzima kwenye mtandao." Nikaona aibu nikataka kulia. Akapiga magoti pale chini penye maji ya dekio, akanionyesha kwenye soketi ya stoo: "Ukiona umelegea, usiuache. Sukuma mpaka usikie tak." Hapo ndipo tulipoanzia.

Saa tatu usaili ukaanza. Mimi ndiye ninayepeleka chai, kwa hiyo nilikuwepo. Mkurugenzi alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Mtaalamu, mzee mmoja aliyealikwa kutoka nje ili mtihani usiwe na upendeleo. Kushoto alikaa Madam wa Utumishi, anayeshughulikia ajira, na kalamu yake na karatasi zake. Madam anakunywa chai bila sukari. Naliandika hili kwa sababu mimi ndiye ninayeosha vikombe, na vikombe nimevizoea.

Wasailiwa walikuwa watano. Fundi akaitwa wa kwanza. Alikuwa amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe.

— Shikamooni.

— Marahaba. Kaa — akasema Mtaalamu. — Kompyuta hii imekataa kutuma kadi za wachezaji kwenye printa. Una dakika ishirini. Tafuta sababu.

Fundi hakukaa. Akaegemea kiti, akatabasamu.

— Mzee, hapa hata sihitaji kugusa. Waya wa mtandao umechomoka kidogo kwenye soketi, chini ya meza.

Mtaalamu akamtazama juu ya miwani.

— Umejuaje?

— Uzoefu, mzee. Hizi mashine nimezilea.

— Vizuri. Hebu nitumie kadi moja kwanza, tuone inavyokataa.

Fundi akabonyeza mara mbili. Printa ikakohoa, ikaguna, halafu ikatoa kadi ya mlinda mlango mmoja ambaye alionekana kama hakupenda kupigwa picha.



— Imetoka — akasema Mtaalamu.

— Imetoka, mzee.

— Waya uliochomoka umetumaje kadi?

 Mzee akainama chini ya meza, magoti yakalia, akarudi juu polepole.

— Umeingia mpaka mwisho. Jana saa kumi niliulegeza mimi mwenyewe. Tuliokuwepo ni wawili tu, mimi na aliyekuwa anaandika muhtasari wa mtihani.

Kalamu ya Madam ikaanguka. Akaiokota, na alipoinuka alikuwa na jibu tayari.

— Mkurugenzi, asubuhi wanaingia wa usafi. Huenda huyu binti aliona waya, akamwambia. Hawa wawili ni watu wa karibu, kila mtu anajua.

Wote wanne wakageukia sinia langu. 

— Nilisahau kabisa kwamba kuna mtu anayefagia — akasema Mtaalamu, kama mtu anayejilaumu.

Mkurugenzi akavua miwani.

— Mtihani ubadilishwe, wengine waendelee. Binti, saa nane kamili uje hapa uniambie ukweli. Kama umetoa siri ya mtihani, kazi huna.

Nikatoka na sinia langu. Sikuwa nimefika stoo nikahisi simu inatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Madam:

"Mdogo wangu, sema uliona waya ukamwambia. Nitawaomba wakupe onyo tu. Nafasi ya mapokezi inakuja, sitakusahau. Ukishasoma futa."

Nikausoma mara mbili. Mwaka wa tatu huu hajawahi kuniita mdogo wangu.

Mlango wa stoo ukafunguliwa, Fundi akaingia na kuufunga kwa mgongo. Jasho lilikuwa limelowesha kola niliyoinyoosha.

— Mpole, niokoe.

— Nikuokoe vipi?

— Sema ni wewe uliyeniambia. Uliona waya umelegea, ukanipigia simu. Si tuliongea asubuhi? Hata simu itaonyesha.

— Nitafukuzwa.

— Hawatakufukuza! Wewe ni mfagizi, utapewa onyo, basi. Yeye akijulikana anaharibikiwa kabisa. Ana cheo, ana shahada, ana watu wanaomtazama.

— Yeye nani?

Mimi si mtu wa kelele. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikasubiri.

— Madam — akasema hatimaye.

— Alikwambia lini?

— Jana.

— Jana saa ngapi?

— Jioni.

— Jana jioni ulikuwa kwa baba mkubwa. Ulisema anaumwa mgongo.

— Nilipitia kwanza.

— Ulipitia wapi?

— Mpole, huu si wakati wa...

— Ulipitia wapi, Fundi?

— Kwake.

Sikulia. Nadhani machozi nayo yalikuwa yamechoka. Nilikumbuka tu kwamba zamani alikuwa anataka sukari vijiko vitatu mpaka kijiko kinasimama, na kwamba tangu miezi mitano iliyopita ananiambia, "Sukari sitaki tena, haifai." Nilifurahi, nikajua anajitunza kwa ajili ya ndoa. Nilikuwa naosha kikombe chake na cha Madam pamoja, vyote vikavu, bila ute wa sukari chini, na bado sikutaka kuona.

— Miezi mitano — nikasema.

Akashtuka.

— Nani kakwambia?

— Vikombe.

— Sikiliza. Yule ni wa kunisaidia tu kupata kazi. Nikishapata, naachana naye. Nilikuwa nafanya hivi kwa ajili yetu.

— Kwa hiyo ulikuwa unanisaliti kwa niaba yangu.

— Usiongee hivyo.

— Niongeeje? Ungekaa tu kwenye kile kiti, Fundi. Ungebonyeza kama wenzako. Kazi unaijua, ungeona kompyuta nzima, ungesema nzima. Nani aliusukuma ule waya, unajua?

— Nani?

— Mimi. Asubuhi, ulipomaliza tu kuniambia nisubiri. Nimesukuma mpaka ukalia tak.

Taratibu akateremka, akakaa sakafuni kati ya madekio, akashika kichwa.

— Mungu wangu. Nilikufundisha mwenyewe.

— Ndiyo. Mwenyewe.

Ilikuwa inakaribia saa saba. Mtu wa mwisho alikuwa bado anasailiwa. Tulikaa mle ndani kama watu wawili wanaosubiri daktari mmoja. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya chini.

— Ukisema ukweli, mimi na wewe basi.

— Na nikisema uongo?

— Nitakuoa. Hata bila barua. Jumamosi hii.

Nikaona kwamba hata sasa Jumamosi anayo. Ilikuwa mfukoni siku zote, anaitoa anapoihitaji.

Saa nane nikagonga mlango. Fundi alikuwa amesimama ukutani, Madam amekaa na karatasi zake zimenyooshwa vizuri.

— Haya, binti — akasema Mkurugenzi.

— Niliona waya umelegea, mzee. Nikausukuma ukaingia. Sikumwambia mtu yeyote.

— Simu yako na huyu kijana asubuhi?

— Tuliongea kabla sijaingia chumbani. Alitaka nimuombee.

— Anamkinga mchumba wake! — Madam akaruka. — Bila shaka alimwambia!

— Mzee — nikasema — kama ningemwambia, ningemwambia pia kwamba nimeuchomeka.

Mtaalamu akaguna. Nadhani kilikuwa kicheko kilichokosa njia.

— Kwa nini uliugusa? — akaniuliza.

— Nilifundishwa nikiona waya umelegea nisiuache.

— Na nani?

Nikamtazama Fundi. Hakuinua macho. Mkurugenzi naye akamtazama, na nadhani hapo yeye pia alielewa.

— Kuna lingine? — akaniuliza.

Nikatoa simu, nikaiweka mezani, ujumbe ukiwa wazi. Akausoma bila haraka. Akamsogezea Mtaalamu. Madam akausoma kwa mbali, uso ukamshuka.

— Nilikuambia ufute! — likamtoka.

— Fundi alinifundisha nyaya tu, Madam. Kwenye kufuta hatukufika.

Hakuna aliyecheka. Madam akaambiwa aache funguo na asubiri barua. Fundi akaambiwa asirudi hata kwa kibarua. Alipita mbele yangu na mkoba wake wa bisibisi, akasimama.

— Umenimaliza, Mpole. Miaka mitatu!

— Na mimi nilikuwemo kwenye hiyo miaka.

Akaenda, viatu vyake vikaacha alama kwenye korido niliyoideki asubuhi. Nikachukua dekio.

Mchana huo mama akapiga.

— Vipi usaili wa mwenzio?

— Umeisha, mama.

— Basi Jumamosi wanakuja?

— Hawaji.

— Tena?

— Hapana, mama. Safari zile ndizo zilikuwa "tena". Hii ndiyo imeisha.

Nikamsikia anavuta pumzi. Nilijua yuko na majirani, kwa hiyo aliuliza jambo dogo tu:

— Umekula?

— Bado.

— Kula, mwanangu.

Wiki mbili baadaye kiti kikapata mtu. Ni yule msailiwa wa nne, dada mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye, nilivyosikia, siku ya usaili alimuuliza kila mtu shida yake kabla ya kugusa mashine. Siku yake ya kwanza nilimpelekea chai, nikamkuta amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi anachungulia soketi.

— Shikamoo, dada. Sukari vijiko vingapi?

— Marahaba. Weka viwili. Hivi nyaya za ofisi hii nani anazitunza? Hakuna hata moja iliyolegea.

— Mimi, wakati nadeki.

Akatoa kichwa, akanitazama, nikaona amekumbuka. Habari zilishazunguka jengo lote.

— Kumbe ndiye wewe! Wa waya na ujumbe!

— Ndiye mimi.

— Sasa njoo mchana nikupe somo ulilokosa, nikufundishe kufuta.

Akacheka mwenyewe mpaka chai ikamwagika. Na mimi nikajikuta natabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

— Kufuta najua, dada. Najua siku nyingi.

Mchana nilirudi stoo, nikageuza ndoo, nikakaa. Simu ilikuwa na ujumbe wa Fundi wa miaka mitatu, sikuwa nimefuta hata mmoja. Nikaanza na wa jana, ule wa "nimekosa, nijibu", nikaufuta. Nikaufuta wa Jumamosi hii, na wa Jumamosi ijayo, na wa Jumamosi zote za mwaka jana. Nikarudi nyuma hivyo, mmoja mmoja, mpaka nikafika wa kwanza kabisa aliowahi kunitumia:

"Dada, leo hujang'oa timu yoyote. Ahsante."

Huo nilikaa nao kidogo. Halafu kengele ya mapokezi ikalia, watu wanataka chai. Nikaufuta, nikainuka.