Mbebaji Mmoja

Ijumaa hiyo Ratemo aliagizwa kamba na gunia, naye akavileta. Jua lilikuwa limekwisha kuteremka usawa wa migomba alipolipita soko la Magwagwa, kamba begani, gunia kwapani, akielekea lango la hifadhi ya Ritongo. Huko rafiki yake Okemwa alikuwa akimngoja na bunduki pamoja na karatasi.

Karatasi ndiyo iliyokuwa ikimla Ratemo.

Mwaka ulikuwa 1971, na serikali ilikuwa bado ikiwaruhusu raia kuwinda ndani ya hifadhi, mradi wawe na kibali. Kwa lokesheni nzima vilitoka vibali vinne tu, kwa kura, ofisini kwa chifu. Watu zaidi ya sitini waliandikisha majina, na Ratemo alikuwa mmoja wao. Tangu ujana alizijua nyayo za pongo kama mzazi ajuavyo mwandiko wa mwanawe. Okemwa hakuweza kutofautisha kinyesi cha pongo na cha mbuzi. Jina lililosomwa lilikuwa la Okemwa.

Okemwa alizoea kusomwa. Hao wawili walitahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda katika nyumba moja. Lakini tangu siku walipotoka humo, kila jema lililoingia kijijini liliulizia kwanza boma la Okemwa. Chai yake ilistawi kabla ya ya wenzake. Watoto wake walitangulia kuvaa viatu. Kanisa la Wasabato, lililojaa wenye mvi, lilimfanya mzee wa kanisa akiwa bado hana hata unywele mmoja mweupe. Wagusii huliita jambo lililokuwa limemkaa Ratemo endamwamu, yaani tumbo jeusi. Yeye mwenyewe aliliita kudai haki.

"Wewe unajua nyayo, mimi najua kura," Okemwa alimtania walipokutana langoni. "Tukiungana, hatulali njaa."

Ratemo alicheka kwa meno tu.

Askari wa hifadhi, mtu mwembamba aitwaye Nyasani, alikisoma kibali kwa kidole. Pongo dume mmoja. Siku moja. Kutoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Atakayechelewa atanyang'anywa kibali na bunduki. Mwindaji, Okemwa mwana wa Nyamongo. Mbebaji, mmoja.

Ratemo alingoja kusikia jina lake. Nyasani akaikunja karatasi.

Kabla ya kuwafungulia aliwakumbusha lile ambalo kila mtu wa pande zile alilijua. Ndani ya Ritongo watu hawaitani majina. Wakipoteana, mmoja hugonga mti mara mbili, na mwenzake hujibu vivyo hivyo. Wazee walisimulia kwamba katika mwaka wa njaa na ndui, wafu wengi walitupwa mle bila kaburi wala kilio, na mtu asiyeliliwa husahau yeye alikuwa nani, akaitwaa sauti ya yeyote aitaye jina humo.

Ndani ya saa moja Ratemo alikuwa amempata pongo, na Okemwa akampiga. Risasi ilikuwa mbovu. Mnyama alikimbia akivuja damu kuelekea kijito, nao wakaachana ili wamzingire, Okemwa kushoto, Ratemo kulia. Kitambo kidogo baadaye ikasikika sauti ya kitako cha bunduki juu ya shina.

Ko. Ko.

Yalikuwa mapigo ya furaha. Pongo amepatikana.

Ratemo alilitazama jua. Kulikuwa na muda wa kumfunga mnyama, kumbeba na kufika langoni, lakini hakukuwa na ziada. Hapo ndipo wazo lilipomjia, dogo, safi, kama kitu kilichokuwa kimeoshwa na kuwekwa tayari. Okemwa akicheleweshwa nusu saa tu, kibali kitakwenda na bunduki itakwenda. Tena ni Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na mzee wa kanisa atakutwa na damu mikononi. Hakuna atakayekufa. Ni nusu saa tu.

Akateremka hadi kwenye bonde la mbali, mahali ambapo mwanga hauingii vizuri. Akaweka viganja mdomoni.

"Okemwa! Okemwa mwana wa Nyamongo! Nimevunjika mguu!"

Msitu ulinyamaza. Hata wadudu.

Ko. Ko. Okemwa alikuwa anakuja. Alikuwa amemwacha mnyama na anakuja mbio.

Ratemo akaondoka kwa kunyata, akipanda upande wa pili kuelekea langoni. Alikuwa hajaenda hatua hamsini aliposikia nyuma yake...

"Okemwa..."

Sauti ilitoka palepale alipokuwa amesimama kuita.

"Okemwa, ndugu yangu... niko hapa."

Ilikuwa sauti yake. Si sauti inayofanana na yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo alioupata utotoni kwa ugonjwa wa koo, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo yake haikuwa nalo. Ilikuwa na upendo.

Upepo ulileta harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Angeweza kupiga kelele. Neno moja lingetosha kumgeuza mwenzake, lakini neno hilo lingemfichua pia. Ratemo akafunga kinywa chake, akatembea, kisha akakimbia.

Alifika langoni dakika kumi kabla ya wakati. Nyasani aliandika katika daftari, akauliza mwenye kibali yuko wapi. Ratemo akajibu kwamba anakuja. Giza lilikuwa linaanza kutoka chini ya miti, na pamoja nalo yakaja mazungumzo ya watu wawili, mbali, wakipokezana maneno. Mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko cha Okemwa.

"Anaongea na nani?" Nyasani akanong'ona.

Askari akatega sikio, kisha polepole akageuka na kumtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mzee... mbona ni wewe?"

Ratemo hakungoja kuona ni nani angetoka. Alikata njia kwenye mashamba ya chai ili asikutane na Bathsheba, mke wa Okemwa, ambaye bila shaka angemuuliza. Akachutama kati ya michai mpaka magoti yakafa ganzi, ndipo akaenda kwake. Alipokaribia mlango alipokewa na harufu ya nyama.

"Umerudi?" alisema mkewe, Nyamoita, bila kuinua macho kutoka jikoni. "Kidari kimeiva."

Kidari ni fungu la mbebaji. Kila mwindaji anajua hivyo. Ratemo akauliza ni nani aliyekileta.

Nyamoita akacheka. "Baba Mong'ina, leo una utani. Si wewe ulikileta kitambo kilichopita? Ulisimama hapo gizani, ukakataa kuingia, ukaniuliza kama mgongo bado unaniuma."

Ratemo hakuwahi kumuuliza juu ya mgongo. Hakujua hata kwamba unamuuma.

Asubuhi ya Sabato, Okemwa alikuja amevaa koti la kanisani. Hakupiga hodi. Alimkumbatia Ratemo kwa nguvu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Yale uliyoniambia jana msituni, mwanamume hawezi kuyasema ila Mungu amguse," alisema. "Kwamba uliniita kwa hila. Kwamba uchungu huo umekuwa nao tangu kura, tangu chai, tangu tulipokuwa wavulana. Ulilia, ndugu yangu, huku umembeba yule pongo peke yako. Nami nimekusamehe yote. Sina rafiki mwingine kama wewe."

Ratemo alisimama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa ameyahifadhi miaka ishirini na zaidi, hajampa mtu yeyote hata moja, na sasa mwingine ameyatumia na kulipwa kwayo.

Hofu ilimjia, naam. Lakini haikutangulia. Kilichotangulia ni kile cha siku zote. Aliona wivu.

Jumapili alirudi Ritongo. Nyasani hakupenda kumwona. Alisema kwamba yeye aliandika alichokiona. Mwindaji alitoka, na nyuma yake mbebaji akatoka, ingawa mbebaji alikuwa amekwisha kutoka. Walikuwa wamechelewa dakika chache, naye yule mbebaji aliomba radhi kwa adabu ambayo Nyasani hajapata kuiona kwa mtu mzima, hata akawasamehe.

"Na uso wake?"

"Alikuwa na mnyama shingoni. Sikuuona." Nyasani akafunga daftari. "Pongo tunawahesabu, mzee. Hao wengine hawana daftari."

Ratemo akamwomba amwambie jinsi ya kumrudisha msituni yule mbebaji. Askari, akichora ardhi kwa fimbo, akamweleza yale ambayo babake, mlinzi wa lango kabla yake, alimwachia. Aliyemtoa ndiye awezaye kumrudisha. Nenda kwa rafiki yako. Yale aliyoyasema kwa niaba yako, yaseme mwenyewe, kwa kinywa chako, yote.

"Uende upesi," akaongeza. "Kabla hajazoea njia ya kwako."

Jumatatu jioni Ratemo alikwenda. Alijiambia njiani kwamba ni maneno tu. Alipofika kwenye ua wa Okemwa akasikia watu wawili wamekaa nje ya nyumba, mahali ambapo taa haikufika. Ile sauti yenye mkwaruzo ilikuwa ikisimulia habari za nyumba ya tohara, jinsi Okemwa alivyokuwa akigawa uji wake nusu kwa nusu na mwenzake mgonjwa wa homa. Ratemo alikuwa amelisahau jambo hilo. Au alikuwa amelizika.

Okemwa alicheka hadi akakohoa.

Ratemo alishika mti wa ua. Maneno yalikuwa yamemfika mdomoni. Lakini angeingia na kusema nini ambacho hakijasemwa vizuri zaidi? Angekuwa wa pili. Hata katika kutubu kwake mwenyewe, angekuwa wa pili. Jambo hilo hakuliweza.

Akageuka, akaenda zake. Jumanne akasema ataenda kesho.

Jumatano, mbalamwezi haijatoka, alikuwa akirudi kutoka kituo cha chai na kapu tupu. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye nyasi za paa lake. Akasikia Nyamoita akicheka, kicheko cha msichana, ambacho hakuwa amekisikia tangu mwaka aliomwoa. Kisha sauti ya chini ikasema jambo, naye akacheka tena.

Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa uani.

Mlango ukafunguka. Nyamoita alitoka kumwaga maji, akamwona, akasimama na sufuria mkononi. Hakushtuka. Alimtazama kwa upole na mashaka kidogo, kama mtu amtazamavyo mpita njia aliyefika saa ya chakula.

"Ni nani huyo?" ikauliza ile sauti kutoka ndani.

"Simjui. Amesimama tu."

"Mwambie aingie. Nje kuna baridi, na ugali unatosha."

Nyamoita akasogea kando. Ratemo aliona kigoda chake, na juu yake magoti ya mtu, na mikono miwili imenyooshwa mbele ya moto, ikiota. Uso ulikuwa nyuma ya moshi. Hatua moja tu ilitosha, na neno moja: mimi. Alijua. Alijua pia kwamba angelisema hilo neno, angelazimika kuketi, kupokea tonge kutoka mkono ule, na kusema asante kwa mtu aliyempenda mkewe kuliko yeye, aliyempenda rafiki yake kuliko yeye, na ambaye hata sasa alikuwa akimhurumia.

Katika maisha yake Ratemo hakuwahi kula kwa mtu aliyemzidi.

"Nimeshiba," akasema.

Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba na ngeni. Nyamoita akamtakia safari njema, akafunga mlango.