Pumba za Kificho

Majirani zangu, niazimeni masikio. Nyumba ninayoisimulia inapakana ukuta na yangu, na asubuhi zake zilikuwa tulivu: cherehani ikinguruma kibarazani, na nyuma ya jiko ng'ombe akicheua taratibu, hana haraka na dunia.

Ng'ombe huyo tulimwita Bibi Harusi, kwa utani, maana hakuwahi kuolewa. Marehemu mama wa nyumba ile alimdekeza kama kitinda mimba, hakutaka kusikia habari ya dume. Wenzake wa rika moja walishapata wajukuu, yeye bado mwali, amenona hadi mgongo umefanya bonde. Mama alipofariki, akabaki mikononi mwa watoto wawili: dada mshonaji, aliyekaa pale nyumbani, na mdogo wake wa kiume, fundi baiskeli, aliyepanga chumba karibu na soko.

Siku moja fundi akaja na daktari wa mifugo.

"Dada, tumpandishe Bibi Harusi. Akikawia zaidi, hatazaa tena huyu."

Dada akasimamisha cherehani. "Leo ndiyo umekumbuka kuwa tuna ng'ombe?"

Hata hivyo alikubali. Ng'ombe alipopata joto akapandishwa, mimba ikashika. Daktari akatoa onyo: "Umri umekwenda, tena ni mnene. Uzazi wa kwanza utakuwa mtihani. Mpeni majani. Pumba acheni kabisa, mafuta yatabana njia ya ndama. Na akianza uchungu, niiteni mapema."

Hapo ndipo shuku ilipoingia. Dada alimwona mdogo wake akimsindikiza daktari hadi langoni, wananong'ona, kisha wanacheka. Akaja kwangu mbiombio, hata kiti hakukikalia.

"Shoga, wamekula njama! Wanataka akonde, waseme hafai, wamchukue kwa bei ya mbuzi."

"Umewauliza?"

"Mwizi huulizwa? Kikulacho ki nguoni mwako."

Ndugu msomaji, methali ni kisu. Ukikishika vibaya kinakukata mwenyewe. Tangu hapo kila jambo likawa ushahidi. Fundi akileta majani, dada anayapekua akitafuta sumu. Akimpapasa ng'ombe tumbo, "anapima nyama." Asipokuja, "anapanga." Na kila fundi akishaondoka, dada alifunga mlango wa banda akammiminia Bibi Harusi ndoo ya pumba. Ng'ombe akafura, akawa anahema kwa kutembea hatua chache tu.

"Mnampa nini huyu?" daktari aliuliza.

"Majani," dada akajibu, macho ukutani.

Uchungu ulianza asubuhi kweupe. Dada alimwona akilala na kuinuka, mkia juu. Simu alikuwa nayo mfukoni, hakupiga. Alitia kufuli langoni, akihofia kuporwa ndama. Kufikia adhuhuri kwato mbili zilikuwa zimechomoza, hazisogei, na ng'ombe anakoroma. Ndipo alipopiga ukelele na kufungua kufuli. Mimi ndiye niliyempigia fundi.

Alifika na daktari, mikono imejaa grisi. Tulivuta kamba sote, jasho likitutiririka. Ndama alitoka mkubwa, mzuri, amekufa. Bibi Harusi hakusimama tena. Alasiri akakata roho, kichwa chake mapajani mwa dada.

Fundi aliliona gunia la pumba nyuma ya mlango. Akalitazama sana.

"Ungeniuliza tu, dada."

"Mlikuwa mnanong'ona nini langoni?"

"Vidole vyako. Najua vinakufa ganzi kwa sindano, na unaficha. Nilimwambia nataka upate maziwa ya kuuza, upumzike. Ng'ombe na ndama, wote wako."

"Na kicheko?"

"Aliniuliza nani atavaa suti ya bwana harusi."

 Siku hizi fundi huja kumjulia hali, lakini huishia mlangoni kama mgeni, na huaga kabla chai haijachemka.

FUNZO

Shuku haingoji ushahidi, hujitungia wake. Ukiwa na wasiwasi na nduguyo, mkalishe chini umuulize, kabla hujaanza kutenda kwa kificho. Ukitilia shaka neno la mtaalamu, tafuta mtaalamu wa pili, usimpuuze kimyakimya. Swali la dada lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa la upendo. Aliliuliza mbele ya mizoga miwili.