Viganja vya Hekaluni

Borith, jirani yangu huku Siem Reap, Kambodia, alidharau kila kitu, hata miungu. Adhuhuri moja ng'ombe wake alikimbilia kwenye magofu ya hekalu, naye Borith akamfuata. Bibi mtawa aliyeketi mlangoni akamwambia, "Mjukuu wangu, mwinamie Vishnu kwanza, mungu wa mikono minne."

"Niliinamie jiwe? Bibi, hilo hata nzi halifukuzi!" Akaipiga teke miguu ya Vishnu iliyochongwa ukutani, akaingia.

Ndani kulikuwa na giza zito. Popo wakanyamaza ghafla. Nyuma yake akasikia jiwe likikwaruza jiwe, polepole, likimkaribia. Akatoka mbio, akamwacha ng'ombe humo humo.

Nyumbani mkewe akamgeuza. "We Borith, nani kakushika?"

Shatini, mgongoni, palikuwa na alama nne za viganja vya vumbi la mawe, mbili za mkono wa kulia, mbili za kushoto.