Daraja la Wageni

Kila Jumamosi Gloriose alifagia uwanja, akala ndizi zilizobaki jana, kisha akamfuata baba yake bondeni kwenye chemchemi ya maji moto. Kijiji chao kiko wilayani Kyerwa, na chemchemi hiyo huwaleta wageni kutoka mbali. Baba yake, Karekezi, ndiye aliyewaongoza. Gloriose, msichana wa darasa la sita mwenye mwandiko safi, alitunza kitabu cha maoni. Jioni aliisomea kamati ya kijiji inayosimamia chemchemi yaliyoandikwa humo, kwa kuwa baba yake kusoma kulimpa shida.

Jumamosi hii alitoka bila kula. Mfukoni mwake mlikuwa na karatasi aliyoichana kitabuni juma lililopita. Mgeni mmoja kutoka Bukoba alikuwa ameandika: "Mahali ni pazuri, lakini mbao za daraja zimeoza. Nilimwambia mwongozaji, akacheka. Sitarudi."

Gloriose aliogopa kwamba kamati ikisikia hayo, baba yake ataachishwa kazi. Tena alijiambia kuwa mgeni huyo anadeka tu. Wenyeji, hata baba yake, hawakupita darajani. Tangu utotoni walivuka kijito cha maji moto kwa kuruka juu ya mawe. Daraja lilikuwa la wageni, na hakuna mwenyeji aliyejua hali yake. Hata hivyo, juma zima lile neno "zimeoza" lilimnyima raha.

Saa nne basi likaleta wanafunzi thelathini kutoka Ndama. Kila mmoja alikuwa na yai lake la kuchemsha kwenye yale maji.

"Shikamoo, mwalimu," Gloriose alimwamkia mwalimu wao, Pastory.

"Marahaba, binti. Mayai tunachemshia wapi?"

"Ng'ambo ya daraja," Karekezi alidakia. "Twendeni, wanangu. Daraja letu halijala mtu bado."

Watoto wakacheka. Chini ya zile mbao maji yalikuwa yakitokota, na mvuke ulipanda mpaka usoni mwa msichana mdogo aliyetangulia. Akisema, baba yake atakosa kazi. Akinyamaza, je? Hakutaka hata kuimalizia fikra hiyo. Alikimbia hadi mbele ya daraja, akatandaza mikono.

"Baba, usiwapitishe. Mbao zimeoza."

"Nani kakwambia?"

"Mgeni aliandika. Nikaichana karatasi. Niliogopa watakufukuza."

Karekezi alikunja uso kwa hasira na aibu. Alichukua fimbo yake, akaukandamiza ubao wa katikati. Fimbo ilipenya kana kwamba ubao ule ni ndizi mbivu. Ubao ukakatika, ukatumbukia majini. Watoto wakarudi nyuma wakisukumana.

Daraja likafungwa kwa kamba. Jioni Gloriose aliisoma karatasi ile mbele ya kamati. Karekezi naye alisimama akakiri kwamba mgeni alimwonya, naye akamcheka. Mwenyekiti, Mama Verdiana, hakumfukuza. Alimwagiza abadilishe mbao zote, na kila asubuhi avuke yeye kwanza kabla ya mgeni yeyote.

"Na mimi mtaninyang'anya kitabu?" Gloriose aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Kitabu ni chako, mwanangu," Mama Verdiana alijibu. "Ila nisikilize. Sisi tumezoea hapa, hatutazami tena. Mgeni hutazama. Anayetusifu tunamshukuru, lakini huyu aliyetulaumu alikuwa anawakinga watoto thelathini asiowajua, na wewe ukamziba mdomo. Leo umeuzibua, na umechelewa kidogo tu. Siku nyingine ukitaka kuficha ukweli kwa kumhofia baba yako, wakumbuke na akina baba wa hao thelathini."